Tathmini ya Kisaikolojia kwa Viza ya U na Viza ya T: Mwongozo Kamili kwa Manusura, Wakalimani na Wanaowasindikiza

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iliyofungua milango miwili kwa mgeni aliyeumizwa ndani ya nchi hiyo. Mlango wa kwanza ni viza ya T, kwa aliyesafirishwa kiharamu na kutumikishwa. Wa pili ni viza ya U, kwa aliyedhurika kwa uhalifu wa aina zilizotajwa na sheria na akawasaidia polisi au waendesha mashtaka. Katika milango yote miwili, ripoti ya mtaalamu wa afya ya akili inaweza kuimarisha faili kuliko karatasi nyingine nyingi. Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili aliyeko Marekani anayejiandaa kufanyiwa tathmini hiyo, pamoja na mkalimani, ndugu, mchungaji, sheikhe au msaidizi wa wakili aliye karibu naye.

Tathmini hii haipimi kama una wazimu, na wala si tiba. Ni jibu la kitaalamu kwa swali la kisheria. Mtaalamu asiyelijua swali ataandika kurasa kumi nzuri zisizomsaidia afisa wa USCIS, idara inayoamua maombi haya. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye sheria kabla ya kufika kliniki.

Hatua ya 1: Jua swali unaloulizwa

Kwa viza ya U, swali ni kama ulipata "madhara makubwa ya mwili au ya akili" kutokana na uhalifu ule. Kanuni zinamtaka afisa atazame mambo matano: aina ya jeraha, ukali wa matendo ya mkosaji, ukali wa maumivu uliyopata, muda ambao mateso yaliendelea, na kiasi ambacho sura, afya au akili yako imeharibika kwa kudumu au kwa uzito. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo sharti peke yake. Matendo kadhaa madogo yakijumlishwa yanaweza kufikia kiwango, hata kama kila moja lingeonekana jepesi. Na kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: uhalifu ukichochea tatizo ulilokuwa nalo tangu zamani, huko kuzidi kwa tatizo nako kunahesabika. Mama aliyeshuhudia vita Kivu Kusini, akapona kiasi, kisha akavamiwa kwa silaha akiwa Texas, hana haja ya kuficha yaliyompata Kongo. Mtathmini anatakiwa aonyeshe alivyokuwa kabla ya uvamizi na alivyo sasa.

Aliyefiwa naye ana nafasi. Mtu akiuawa, mwenzi wake na watoto wake walio chini ya miaka 21 wanaweza kuomba kama waathirika wasio wa moja kwa moja. Aliyeuawa akiwa chini ya miaka 21, wazazi wake na ndugu zake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa wanaingia pia. Hapo tathmini inahusu madhara ya huyo aliyebaki, na ripoti inayosimulia tu habari za marehemu imekosa shabaha.

Kwa viza ya T maswali ni zaidi ya moja, na tathmini inaweza kugusa karibu yote.

La kwanza ni kama kweli ulitumikishwa kwa nguvu, hila au vitisho. Sheria ya jinai ya Marekani inapotaja "madhara mazito" katika kazi za kulazimishwa inajumuisha madhara ya kisaikolojia, ya kifedha na ya heshima. Mlango haukuhitaji kufungwa kwa kufuli. Pasipoti iliyochukuliwa "ili isipotee", deni la tiketi lisiloisha, kitisho cha kuitiwa maafisa wa uhamiaji, maneno kuwa wazee wa nyumbani watakusomea albadiri, simu zinazopigwa kwa mama yako Tanga au Machakos: vyote hivi ni minyororo, na mtathmini mzuri anaeleza jinsi kila kimoja kilivyokushika wewe hasa. Afisa anayesoma faili atajiuliza kwa nini hukutoroka wakati ulikuwa ukienda dukani peke yako. Jibu lake liwe kwenye ripoti. Kesi za namna hii si ngeni kwa watu wetu: mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilimwamuru mwanadiplomasia wa ubalozi wa Tanzania amlipe mfanyakazi wake wa ndani zaidi ya dola milioni 1.

La pili ni kama upo Marekani kwa sababu ya kusafirishwa huko. Kama ulitoka mikononi mwao miaka mingi iliyopita, ripoti ieleze kinachoendelea hadi leo: matibabu, woga na kushindwa kupanga maisha, na jinsi vinavyohusiana na yaliyotokea.

La tatu ni ushirikiano na vyombo vya sheria. Mwombaji wa viza ya T anatakiwa kukubali maombi ya msingi ya wapelelezi, isipokuwa kama alikuwa chini ya miaka 18 alipotendewa, au kama kiwewe cha mwili au cha akili kinamfanya ashindwe. Msamaha huu wa pili unategemea sana tathmini, lakini kuandika "ana kiwewe" hakutoshi. Ripoti itaje ombi lililotolewa na lini, kilichotokea mwilini na akilini mwako ulipojaribu, na kwa nini dalili hizo zinazuia jambo hilo mahususi. Mtu anaweza kumudu kazi ya usafi usiku kucha na bado azimie anapoitwa kumtambua mtesaji wake. Mtathmini aeleze hilo waziwazi, kwa sababu afisa ataona stakabadhi za mshahara.

La nne ni shida ya kupita kiasi iwapo utarudishwa kwenu. Mtathmini ana uwezo wa kusema dalili zako zitakuwaje ukirudi mtaa anakoishi wakala aliyekupeleka. Akianza kutoa takwimu za hospitali za akili za Afrika Mashariki bila ushahidi, amevuka mpaka wa utaalamu wake. Kama kuna haja ya kuonyesha kwamba huduma ni chache nje ya vituo kama Mirembe huko Dodoma au Mathari huko Nairobi, wakili aambatanishe nyaraka za umma.

Anayepigwa au kuteswa na mume au mke aliye raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu ana njia nyingine, ombi la binafsi la VAWA (sheria ya Marekani dhidi ya ukatili kwa wanawake) kwa fomu I-360. Swali lake ni "kipigo au ukatili uliokithiri", na ukatili wa maneno, pesa na kutengwa na watu huingia humo. Maandalizi ni yaleyale.

Hatua ya 2: Amueni na wakili kama tathmini inahitajika

Sheria haisemi popote kwamba lazima uwe na ripoti ya mwanasaikolojia. Kiwango kinachotumika ni "ushahidi wowote wa kuaminika". Mtu aliyevunjwa taya na ana rekodi za hospitali huenda asiihitaji. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye jeraha lake halionekani: aliyetishiwa bastola, aliyebakwa na hakwenda hospitali, aliyefungiwa bila kupigwa, au ambaye maelezo yake yana mapengo.

Kuna wakati ripoti inaumiza kesi. Kila unachomwambia mtathmini kinaweza kuingia kwenye karatasi: ulevi, kukamatwa ukiendesha gari umelewa, karatasi za bandia ulizotumia kupata kazi. Mengi ya haya huombewa msamaha kwa fomu I-192, ila wakili ayajue kabla, asije akayasoma kwa mara ya kwanza ukurasa wa saba. Vilevile sheria ya uhamiaji ina kizuizi cha kiafya kwa mwenye ugonjwa wa akili ulioambatana na tabia ya kuhatarisha watu. Maneno ya ovyo kama "anaweza kuwa hatari", yaliyoandikwa bila msingi, yanaweza kuzua swali ambalo halikuwepo.

Wakili hapa ni mwanasheria mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mjaza fomu wa mtaani anayejiita mtaalamu wa uhamiaji, hata kama ni mtu wa nyumbani na anasali nawe, hana ruhusa ya kukushauri kisheria. Ukiwa huna pa kuanzia na umetumikishwa, piga 1-888-373-7888, simu ya taifa ya usafirishaji haramu wa binadamu, uombe mkalimani wa Kiswahili.

Hatua ya 3: Tafuta mtathmini, na anza mapema

Anaweza kuwa mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili, mfanyakazi wa jamii wa kliniki au mshauri nasaha, mradi awe na leseni hai. Shahada ndefu haimshindi aliyezoea kesi za kiwewe na za uhamiaji. Muulize:

Ameandika ripoti ngapi za U au T, na je, yuko tayari kuzungumza na wakili kabla ya kukuona? Ana leseni ya jimbo ulipo wewe? Hili la leseni ni muhimu kwa tathmini za video, kwa kuwa leseni za Marekani ni za kila jimbo. Wanasaikolojia wana mkataba wa majimbo uitwao PSYPACT unaowaruhusu kuvuka mipaka kwa video, lakini si majimbo yote yamejiunga na si taaluma zote zimo. Amewahi kufanya kazi na mkalimani, na nani analipa gharama ya mkalimani huyo? Ripoti itakuwa tayari baada ya muda gani, na je, kuisahihisha au kuandika nyongeza baadaye kuna malipo?

Bei za watu binafsi kwa kawaida huanzia mamia ya dola na zinaweza kupita elfu mbili. Kuna za bure: Physicians for Human Rights huwaunganisha mawakili na madaktari wanaojitolea, HealthRight International nao wana kliniki ya haki za binadamu, na vyuo vikuu kadhaa vya udaktari vina kliniki zinazoendeshwa na wanafunzi chini ya usimamizi. Kwa kawaida maombi hupelekwa na wakili, na foleni inaweza kuwa ya miezi.

Kwa viza ya U kuna saa inayokwenda. Nyongeza B ya fomu I-918 (fomu ya kuombea viza ya U), ambayo hutiwa saini na polisi au mwendesha mashtaka, lazima iwe imesainiwa ndani ya miezi 6 kabla ya ombi kuwasilishwa. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mtu kupata saini, kufurahi, kisha kuanza kutafuta mtathmini mwezi wa nne. Weka miadi ya tathmini siku ileile unapopeleka ombi la saini. Na kama umechelewa, wasilisha ombi kwa wakati. Ripoti inaweza kufuata.

Hatua ya 4: Andaa bahasha ya mtathmini

Wakili ampelekee angalau wiki moja kabla: barua ya ukurasa mmoja inayotaja aina ya ombi na maswali ya kisheria ya kujibiwa, rasimu ya maelezo yako ya kiapo, ripoti ya polisi, rekodi za hospitali, picha na ujumbe wa simu, na nakala za fomu zozote za uhamiaji ulizowahi kujaza, hasa kama uliwahi kuomba hifadhi. Mtathmini anayesikia upande wako peke yake bila kuona karatasi hizi ataandika ripoti ambayo afisa ataiita simulizi.

Wewe andaa ratiba ya maisha yako katika ukurasa mmoja au miwili. Si lazima uwe na tarehe kamili. Tumia vitu unavyovikumbuka: "kabla ya Ramadhani", "mtoto wao alipoanza shule", "theluji ya kwanza", kisha wakili na wewe mtafute mwezi. Kama hujui, iandikwe "takriban". Tarehe ya kubuni inayoonekana safi ndiyo inayogongana na ripoti ya polisi baadaye.

Jambo la usalama: kama bado unaishi na anayekutesa, usikubali miadi ya video ukiwa nyumbani. Angalia kama simu yako inamwonyesha ulipo. Fomu za USCIS zina sehemu ya anwani salama ya kupokelea barua, itumie.

Hatua ya 5: Mkalimani na Kiswahili chenyewe

Tungekuwa na nafasi ya kusahihisha kitu kimoja tu katika tathmini za Waswahili, tungechagua hiki. Usimtumie mtoto wako, mumeo, wala rafiki aliyekuwepo tukio lilipotokea. Katika miji yenye jumuiya ndogo, mkalimani aliyepo anaweza kuwa wa kanisa moja nawe, au shemeji wa bosi wako wa zamani. Una haki ya kumkataa bila kueleza sababu na kuomba wa simu aliye jimbo jingine. Taja pia Kiswahili chako: cha Bukavu, cha Unguja na cha Eastleigh haviingiliani vizuri kila mahali. Mtu anayesema "roho inaniuma" asipewe mkalimani atakayedhani anazungumzia kifua.

Mkalimani naye ajue mitego minne.

Saa. Tukisema "niliamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa sita usiku", ni saa 5 asubuhi hadi saa 12 usiku kwa saa ya Kizungu. Mkalimani akitafsiri namba bila kubadili, siku ya kazi ya saa 19 inaharibika, na maelezo ya kiapo yanagongana na ripoti. Kila saa irudiwe kwa kuuliza: jua lilikuwa limechomoza?

Ndugu. "Baba" anaweza kuwa baba mkubwa, "mama" ni mama mdogo, "kaka" ni mtoto wa shangazi. Fomu inasema baba yako alifariki mwaka 2009, ripoti inasema baba alikupigia simu mwaka 2018. Afisa hatajua mila zetu, ataona uongo. Ulizeni kila mara: aliyekuzaa?

Tafsida. "Aliniharibu", "alinifanyia mchezo mbaya", "alinilazimisha mambo ya kikubwa". Mkalimani mwenye haya akiyapeleka hivyohivyo, mtathmini anaandika kwamba ulitendewa vibaya, na ubakaji unapotea kwenye kesi ambayo ubakaji ndio uhalifu wenyewe. Si kazi ya mkalimani kubahatisha maana, bali amwambie mtathmini kwamba msemo huu unaweza kuwa na maana ya kujamiiana na auulizie.

Dalili. "Nina mawazo" si kwamba mtu anafikiri. Ni uzito unaomnyima usingizi na chakula. "Kichwa kinawaka moto", "mwili hauna nguvu", "moyo unakwenda mbio", "tumbo linasokota nikiona gari jeusi" zipelekwe kama zilivyosemwa, kisha ziulizwe: mara ngapi, muda gani, baada ya kuona nini? Anayeamini amerogwa au ana jini aseme hivyo. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri hatakuona punguani. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, una mahojiano ya maswali 16 yaliyotungwa ili kumsikiliza mtu aeleze tatizo kwa mujibu wa utamaduni wake.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Tegemea saa mbili hadi nne, mara nyingi zikigawanywa katika vikao viwili. Kikao kimoja cha dakika 45 ni dalili mbaya. Kula kabla ya kwenda, panga mtu wa kukulelea watoto, na usiweke zamu ya kazi baada ya hapo.

Kwanza utaelezwa masharti na kutia saini: kwamba mtaalamu huyu hakutibu, kwamba ripoti inakwenda kwa wakili na kisha kwa USCIS, na mambo ambayo sheria inaweza kumlazimisha kuyaripoti, kama vile mtoto anayeteswa au mtu aliye karibu kujiua au kuua. Kama hukuelewa, usisaini mpaka urudiwe. Faili za U, T na VAWA zinalindwa na kifungu maalumu cha sheria ya shirikisho, namba 1367, kinachozuia maafisa kuzitoa ovyo au kumtegemea mtesaji peke yake ili kukunyima haki.

Halafu huja historia: utoto, shule, familia, afya, safari, kisha tukio. Si lazima uende moja kwa moja. Ukianza kuganda, kuhisi uko mbali na mwili wako au kuona mambo kama yanatokea tena, sema. Mapumziko si udhaifu, na mtathmini ataandika alichokiona: mikono iliyotetemeka, sauti iliyokatika, macho yaliyokwepa. Maangalizo hayo yana thamani. Kutolia nako si tatizo. Wengi wetu tulifundishwa kusimulia msiba kwa uso mkavu, hata kwa kucheka kidogo. Mwambie mtathmini kwamba ndivyo ulivyo, asije akaandika kuwa hukuguswa.

Usijaze pengo la kumbukumbu. Kiwewe huvuruga mpangilio wa matukio huku kikiacha harufu na sauti wazi kabisa, na mtaalamu anaweza kulieleza hilo. Hawezi kuelezea tarehe tatu tofauti ulizozitaja kwa kujiamini.

Baadaye huja hojaji. PCL-5 ina maswali 20 kuhusu msongo wa baada ya kiwewe, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 80. Alama 31 hadi 33 na kuendelea humfanya mtaalamu achunguze zaidi. PHQ-9 hupima sonona kwa maswali 9, jumla 27, na kuanzia 10 huhesabiwa kuwa ya wastani au zaidi. Kuna pia HSCL-25, hojaji ya wasiwasi na sonona, ambayo toleo lake la Kiswahili lilichunguzwa na watafiti Dar es Salaam. Kosa kubwa hapa ni muda. PCL-5 ya kawaida inauliza mwezi uliopita, PHQ-9 wiki mbili zilizopita. Watu hujibu kwa kukumbuka kipindi kibaya kuliko vyote, alama zinapaa juu, kisha kwenye mahojiano wanasema siku hizi wanalala vizuri. Jibu hali ya sasa, na ile ya zamani isimulie kwa mdomo: "mwaka wa kwanza nililala saa mbili tu". Kutia alama ya juu kwenye kila swali hakusaidii, kunatia shaka.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu kutamani kufa. Wengi hukana kwa sababu ya dini au kuogopa kupelekwa hospitali. Kutamani usiamke hakukupeleki hospitali moja kwa moja. Kinachomfanya mtaalamu achukue hatua ni nia na mpango ulio nao sasa. Ukizidiwa baada ya kikao, namba 988 hupokea simu saa 24 kote Marekani.

Hatua ya 7: Isome rasimu kabla haijasainiwa

Ripoti nzuri huwa na kurasa tano hadi kumi na mbili: sifa za mtathmini, tarehe na saa za vikao na jina la mkalimani, orodha ya nyaraka alizosoma, historia, aliyoyaona, matokeo ya hojaji, utambuzi wa ugonjwa na sababu zake, uhusiano wa dalili na uhalifu, mapendekezo ya tiba, na saini chini ya tamko la kuadhibiwa kwa kusema uongo.

Omba usomewe yote kwa Kiswahili. Wakili akae na maelezo ya kiapo mkononi, alinganishe majina, tarehe, idadi ya vipigo, saa za kazi na majina ya miji. Kosa la kweli linasahihishwa. Kinachokatazwa ni wakili kumtungia mtaalamu maoni.

Tazama hasa haya. Utambuzi ulioandikwa bila kuonyesha vigezo: "ana PTSD" (msongo wa baada ya kiwewe) tu, bila kusema jinamizi huja mara ngapi, unakwepa nini, dalili zimedumu zaidi ya mwezi. Hitimisho la kisheria, kama "anastahili viza ya U", ambalo si la mtaalamu kulitoa na humpunguzia uzito. Lugha ya kuthibitisha asichoweza kukijua: mtathmini hakuwepo, hivyo anaweza kusema dalili "zinaendana" au "zinaendana sana" na ukatili uliosimuliwa. Mizani hiyo inatoka kwenye Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuthibitisha mateso, ambayo ngazi zake huanzia "haziendani" hadi "haziwezi kuelezwa kwa sababu nyingine". Aya za kunakili, zenye jina la mteja mwingine lililosahaulika. Hutokea kuliko unavyodhani, na afisa anayesoma ripoti nyingi za mtu mmoja huzitambua. Mwisho, kutotajwa kwa sababu nyingine: kama ulifiwa au uliachika katika kipindi hicho, ripoti iseme hivyo na ieleze kwa nini jinamizi lako ni la mvamizi na si la msiba.

Usishtuke ripoti ikisema huna ugonjwa uliotimiza vigezo vyote. Swali la viza ya U ni madhara makubwa, na madhara hayahitaji jina la ugonjwa. Mtu asiyepanda basi tena, aliyehamisha watoto shule na kuacha kazi ya usiku, amedhurika.

Nyaraka za Kiswahili au Kifaransa zinazoambatanishwa, pamoja na maelezo yako kama uliyaandika kwa lugha yako, ziwe na tafsiri kamili ya Kiingereza na cheti cha mfasiri kwamba ni sahihi na ana uwezo wa lugha zote mbili.

Hatua ya 8: Baada ya kuwasilisha

Viza za U zina ukomo wa 10,000 kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi, hivyo kusubiri ni kwa miaka. Za T ukomo ni 5,000. Ripoti ya leo itasomwa na afisa wakati wewe umebadilika. Endelea na tiba kama unaipata, na hifadhi tarehe za vikao. Kupata nafuu hakufuti madhara ya nyuma.

Barua ya kudai ushahidi zaidi ikija, isomwe na mtathmini mwenyewe. Kwa kawaida nyongeza ya kurasa mbili inayojibu aya iliyotiliwa shaka inatosha kuliko tathmini mpya, ila kama miaka mitatu imepita, mtaalamu atahitaji kukuona tena kabla hajasema lolote kuhusu hali ya sasa. Weka nakala ya kila kitu mahali pawili, kimoja nje ya nyumba. Ukishapewa T au U, baada ya miaka mitatu ya kukaa nchini mfululizo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mwenye viza ya T anayetegemea kipengele cha shida ya kupita kiasi badala ya ushirikiano ataitafuta tena ile ripoti ya kwanza, pamoja na mtu wa kuiandikia mwendelezo.